Ndugu wa Ziwa Moja

Mjukuu wangu alianza kuumwa goti mwaka aliomaliza skuli. Goti la kushoto, upande wa juu. Mwenyewe alisema ameteguka akicheza, nami nikamwamini, maana alikuwa mtoto asiyejua kutulia. Nikamwita mchuaji, akamchua kwa mafuta ya karafuu siku saba. Kila akichuliwa analia, na kila akilia mchuaji anasema, "Lia tu mwanangu, ndo mshipa unarudi pahala pake." Siku ya nane goti lilikuwa kubwa kuliko siku ya kwanza.

Tulikuwa tukikaa wawili tu, mie na yeye, chumba cha juu hapa kisiwani, mtaa wa Malindi, karibu na bandari. Mama yake, mwanangu pekee, alikufa kwa maradhi ya ziwa, uvimbe wa titi, na hajatimiza miaka thelathini na tano. Baba yake alioa bara, akawa anapiga simu siku za Idi. Basi mie nikawa ndo mama, ndo baba, ndo shoga wa kugombana naye. Akiniita mke mwenza, kama wajukuu wa kike wanavyowatania mabibi zao.

Siku hospitali ya mjini walipotupa barua ya kwenda Dar, aliiweka kwenye mkoba akanitazama. "Mke mwenza, wakinikata mguu utafurahi. Mume atabaki wako peke yako."

"Mume mwenyewe yumo kaburini toka mama yako hajaanza kutembea," nikamwambia. "Mchukue."

Tukacheka mpaka mtu wa dirishani akatutazama. Sikujua kama katika maneno yote yale, lile la mguu tu ndilo lingekuwa kweli.

Dar wakamkata juu ya goti. Kansa ya mfupa, walisema. Kisha zikaja dawa za mshipani, nywele zikamtoka, akawa anajifunga mtandio mpaka kitandani. Daktari wake alikuwa mwanamke kijana, mtu wa bara, mpole, ana sauti ya mtu aliyezoea kusema mambo mabaya polepole. Siku moja akaja na karatasi kubwa nyeupe, akavuta kiti karibu yangu.

"Bibi, nataka kujua ukoo wenu. Nani aliumwa nini, nani alikufa kwa nini. Unawakumbuka?"

Mjukuu wangu akacheka pale alipolala. "Daktari, umejitia mwenyewe. Tafuta kalamu nyingine, hiyo haitoshi."

Alisema hivyo kwa sababu kwetu majina ninayo mie. Kila Shaaban, Ramadhani haijaingia, ukoo hukusanyika kusoma hitima, na kabla ya dua husomwa majina ya marehemu wetu wote. Karatasi wanaandika wanaume, lakini wanaandika yanayotoka mdomoni mwangu. Baba na wanawe, mama na wanawe, kila nyumba kwa watu wake, mpaka vitoto vilivyokufa havijafikisha siku arubaini. Skuli sikufika mbali, lakini sijapata kuruka jina. Hapa siyaandiki. Walio hai hawajanipa ruhusa, na walokufa siwezi kuwauliza.

Basi nikamsomea daktari vile vile ninavyosoma Shaaban. Yeye akachora: mwanamke duara, mwanamme mraba, aliyekufa anampitisha mstari, na aliyekuwa na uvimbe anamjaza wino mweusi. Mwanangu akajazwa wino. Tukafika kwa mama yangu na wanawe.

"Dada yangu huyu," nikasema, "alikufa kwa uvimbe nyuma ya bega. Ulianza kama ndimu, ukafika kama kifuu cha nazi. Watu wakasema jini la pwani."

"Alikuwa na umri gani?"

"Ana mtoto mchanga mkononi. Mtoto naye akamfuata."

Akajaza wino. Kisha akaniuliza habari za mume wangu. Nikamwambia alianguka kwenye mkarafuu shambani Kizimbani, akafa siku ile ile, hajapata kuumwa hata jino.

"Ndugu zake?"

"Yuko mdogo wake, baba mmoja mama mbalimbali. Mzima, anaishi kaskazini kule."

"Na wengine?"

"Nshakutajia wote," nikasema. Na sikusema uongo.

Akakaa kuitazama karatasi yake. Halafu akanieleza, na mie nitaeleza nilivyofahamu. Alisema katika kila chembe ya mwili mna maandishi, na mtoto anayapokea nusu kwa mama, nusu kwa baba. Katika maandishi hayo yapo yanayofanya kazi ya mlinzi: nyama ikianza kuota bila mpango, mlinzi anaizuia. Katika baadhi ya koo mlinzi huyo anazaliwa ameharibika. Ndipo mmoja anaota uvimbe mfupani, mwengine kwenye nyama ya bega, mwengine kwenye ziwa, na watu wanadhani ni maradhi matatu mbalimbali kumbe chanzo kimoja. Na yuko mwenye kuubeba uharibifu huo mpaka akazeeka bila kuumwa.

Mie maisha yangu yote nimeshona kofia za viua. Ukitaka kiua cha zamani unachukua kofia kuukuu, unahesabu vitundu, unavinakili kimoja kimoja kwenye kitambaa kipya. Yule wa kwanza akikosea kitundu kimoja, anayenakili kwake anakosea, na anayenakili kwa huyo anakosea, na kila mmoja mkono wake ni safi na uzi wake ni mzuri. Nikamwambia daktari hivyo. Akasema, "Bibi, sijapata kuelezwa vizuri kuliko hapo."

Nikamuuliza, "Na sisi aliyekosea kitundu nani?"

"Tutapima damu. Lakini kwa karatasi hii, inaonekana imepita kwako."

Damu ya mjukuu wangu ikapelekwa mbali, ikakaa miezi, ikarudi na jibu kwamba kosa limo. Ikatolewa na yangu. Daktari akasema wakati tunasubiri, si vibaya watu wa upande wangu wakajijua, kila mwenye uvimbe asichuliwe, aende hospitali. Wa upande wangu aliyebaki ni kaka yangu tu, Mangapwani, na wanawe na wajukuu zake. Nikampigia simu.

Nilidhani nafanya wema. Maneno yakatoka kwa kaka yakaingia jikoni, yakatoka jikoni yakafika kisimani. Kaka alikuwa na mjukuu aliyekwisha poswa. Wiki ya pili upande wa bwana wakaivunja posa, kwa adabu, na sahani ya halua juu yake.

"Dada," kaka akaniambia kwenye simu, "umetuletea nini?"

"Sijaleta mie, kaka. Iko damuni."

"Damuni mwako. Mimi nna miaka sabini na mbili na napanda mnazi."

Toka siku hiyo hawakuja tena. Walikuwa wakija na mihogo na majimbi, wakishuka na kelele zao kwenye ngazi, wanavua viatu wanavichanganya. Ikawa ngazi yangu haina viatu.

Mjukuu wangu alirudi nyumbani na magongo. Akajifunza kuteremka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chuoni. Halafu akaanza kukohoa. Maradhi yalikuwa yamehamia mapafuni. Siku moja nilikuwa nampaka mafuta mgongoni, ule mgongo umekuwa mifupa mitupu, akaniuliza bila kugeuka.

"Mke mwenza, ni kweli umenipa wewe?"

Nikafikiri kumdanganya. Nikasema, "Ndo wanavyosema."

Akajishika pua. "Basi na hii pua ulinipa wewe. Mguu nimekusamehe, pua sijakusamehe."

Alikufa baada ya siku kumi na moja, mchana wa Jumatatu. Kaka alikuja mazikoni. Alinipa mkono, akakaa na wanaume chini, akaondoka kabla ya chai.

Sijui niseme nini juu ya miezi iliyofuata. Nilipika wali wa watu wawili kwa muda mrefu, si kwa kusahau, ila mkono haukujua kupima wa mtu mmoja. Nilikaa dirishani na kofia yangu. Boti ya Dar ikipiga honi bandarini, kwa nini sijui, nilikuwa nikisimama. Jirani wa chini alikuwa akiniita asubuhi, "Bi mkubwa, upo?" Nami naitika, "Naam, nipo," na siku nyengine hayo ndo maneno yangu yote mpaka magharibi.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja cha kushika. Nilijitazama mikono yangu, huu mshipa, hii ngozi, nikasema kile kilichowaua kimo humu. Kilimuua dada yangu, kilimuua mwanangu, kilimuua mjukuu wangu, na mie nimekibeba. Nilijilaumu, ndiyo. Ila nilipokuwa nikijilaumu nilikuwa nao.

Kisha daktari akapiga simu, jibu langu limerudi, na angependa nije mwenyewe. Nikapanda boti.

Alikuwa na karatasi ile ile mezani, imekunjwakunjwa. "Bibi," akasema, "wewe huna."

"Sina nini?"

"Lile kosa. Damu yako haina. Tumerudia mara mbili."

Nikamwambia warudie mara ya tatu.

"Si la kurudia. Kwa hiyo limetoka upande wa mume wako. Lakini hapo ndo sielewi, maana dada yako huyu naye," akaweka kidole kwenye duara jeusi, "dalili zake ni zile zile. Labda bahati mbaya tu. Hebu niambie tena. Huyu na wewe, baba mmoja, mama mmoja?"

"Baba mbalimbali. Mama mmoja."

"Mama yenu alimzaa kwa mume mwengine?"

"Hakumzaa. Alimnyonyesha."

Daktari akaweka kalamu chini. "Alimnyonyesha."

"Mama yake alikufa katika uzazi. Tulikuwa majirani Kizimbani, wazee wetu wote vibarua wa shamba. Mie nilikuwa ninanyonya bado. Mama akamchukua, akatunyonyesha pamoja, huyu ziwa hili, mie ziwa lile, mpaka tukaacha. Ni dada yangu. Kwetu ndugu wa ziwa ni ndugu. Mwanamme wa ziwa moja nami hanioi mpaka kiama."

"Sawa, Bibi. Lakini kwa damu, kwao ni wapi?"

"Kwao? Kwa mume wangu. Ni dada yake, baba mmoja mama mmoja. Yeye ndo aliyekuwa akimleta kwetu asubuhi kunyonya, kamfunga mgongoni kwa kanga, na yeye mwenyewe ana miaka sita."

Nilimuona macho yakimtoka. "Ina maana dada yako ni dada wa mume wako. Uliolewa na kaka yako?"

"Astaghfirullah!" nikamwambia. "Mume wangu kwani alinyonya kwetu? Alinyonya kwa mama yake. Aliyenyonya kwetu ni dada yake. Kanisani kwenu hamfundishwi?"

"Kanisani hatufundishwi hilo, Bibi," akasema, na akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilipokuuliza ndugu za mume wako, mbona hukumtaja?"

"Nilikwisha mtaja kwa mama yangu. Kwenye hitima mtu hasomwi mara mbili."

Yeye akachukua karatasi mpya. Nikamwambia na baba yao pia, mkwe wangu, aliyekufa akishika kichwa na kugonga ukuta, mpaka macho yakaacha kuona. Mara ya kwanza nilisema tu amekufa kwa kichwa, kwa kuwa kwetu wazee wengi hufa kwa kichwa. Akamjaza wino. Akamwondoa dada yangu chini ya mama yangu, akamchora upande wa pili, chini ya baba yake. Mstari mweusi ukashuka umenyooka: mkwe wangu, dada yangu, mume wangu aliyewahiwa na mkarafuu, mwanangu, mjukuu wangu. Na mie pembeni, duara jeupe.

Watu wanadhani nilifurahi. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la saruji, nikaona nimevuliwa hata kile kidogo nilichobaki nacho. Wote wale, walichokufa nacho, mie sikushirikiana nao. Nilisimama kando toka mwanzo.

Daktari akanifuata nje, akakaa pembeni yangu na koti lake jeupe juu ya saruji chafu. "Bibi, huyu mdogo wa mume wako, baba yake ni yule yule. Ana watoto?"

"Ana binti mmoja. Ameolewa, ana watoto wawili."

"Ana uvimbe wowote?"

Sikujua. Muda wote huo niliwatisha watu wa Mangapwani wasio na kitu, na wenye nacho nikawaacha wamelala. Daktari akasema, "Ukimwahi akiwa na kidogo, kinakatwa kikaisha. Kikikaa, unajua mwenyewe."

Nilikuwa ninajua.

Na shemeji yangu alikuwa hasemi nami. Mume wangu alipokufa, eda ilipokwisha, shemeji alileta watu kunitaka anioe yeye, nibaki kwao na mtoto abaki kwao. Nikakataa, nikamchukua mwanangu nikaja mjini kushona kofia. Hajanisamehe. Simu yangu hapokei. Nikaenda mwenyewe kaskazini siku ya pili ya kurudi kutoka Dar.

Nilimkuta barazani anatengeneza nyavu, mzee, mgongo umepinda lakini mwili mzima. Hakusimama.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," akasema, kwa sababu hodi haikataliwi. "Mjini kumeishiwa na baraza?"

Nikakaa. Nikamweleza yote, tokea baba yao mpaka mjukuu wangu, na kosa langu la kumhesabu dada yake upande wangu. Alisikiliza huku anafunga fundo. Alipomaliza fundo akaniangalia.

"Muda wote huu uliwaambia watu maradhi ni yako. Leo umechoka nayo, umekuja kutupa sisi."

"Damu yangu imepimwa."

"Wazungu wamekwambia u safi."

"Si suala la usafi, shemeji. Kamwambie binti yako aende akapimwe."

"Nilipokutaka ulinikataa. Mwana wa kaka yangu ukamchukua ukenda naye mjini akafa. Mjukuu wake akafa. Sasa umekuja kwa wangu." Alisema bila kupandisha sauti. "Unanuka mauti wewe mwanamke. Nenda zako salama."

Nilinyanyuka. Nikavaa viatu vyangu. Nilikuwa nimefika njiani nilipomsikia mtu ananifuata mbio, ndala zinapiga vumbi. Ni binti yake. Alikuwa ndani, kasikia yote.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

Akakunja mkono wa baibui mpaka kiwikoni, akanipa mkono wake nishike. Chini ya ngozi, ndani ya nyama, palikuwa na kitu kama kokwa ya zambarau, kigumu, hakiumi.

"Toka lini?"

"Toka mfungo tatu, mwezi wa hija. Nachuliwa."

"Usichuliwe tena," nikamwambia. "Hata mara moja. Usimpe mtu mkono huo."

Nikampa karatasi yenye simu ya daktari, ilikuwa kwenye kifundo cha kanga yangu. Akaitia kifuani. Nilitaka kumkumbatia, kwa kuwa alikuwa na nyusi za mume wangu, zile zinazokutana katikati. Lakini alikuwa amekwisha geuka. Kwa jinsi alivyokwenda nilijua ananiogopa, kama mtu anavyomuogopa aliyeleta barua ya msiba.

Alikwenda. Mumewe alimpeleka, baba mtu hakuambiwa. Walimkata kile kitu kikiwa bado kidogo, mkono ukabaki. Damu ikapimwa, kosa limo, na sasa anaangaliwa kila baada ya miezi michache, na watoto wake nao watatazamwa. Haya sikuyasikia kwake. Nilimpigia simu daktari nikamuuliza kama jirani anavyouliza, naye akasema, "Bibi, ungemuuliza mwenyewe, lakini tumshukuru Mungu." Nikaelewa. Baadae mume wa yule binti alinitumia ujumbe akaeleza yote hayo, na mwisho akaandika: mkono upo, tunashukuru. Nilimwomba jirani wa chini anisomee mara mbili, ijapokuwa nilikwisha usoma.

Kaka yangu nilimpigia nikamwambia ni huru yeye na wanawe wote. Akasema Alhamdulillahi. Akauliza kama naumwa, nikasema siumwi. Posa ya mjukuu wake haikuletwa tena, ile ilishakwenda kwa mwengine.

Na yule binti anapita hapa. Anaposhuka boti ya Dar kutoka kuangaliwa, njia yake ni huu uchochoro, hana nyengine. Mwezi uliopita nilikuwa dirishani nashona, nikaisikia sauti yake chini, anamuuliza muuza machungwa bei. Nikachungulia. Alikuwa mnene kidogo, rangi imemrudi, chungwa kalishika kwa mkono ule ule. Muuza machungwa akamwambia kitu, akacheka, na katika kucheka akainua kichwa kutazama juu.

Nikarudi nyuma ya ubao wa dirisha, ili asilazimike kuniamkia.